Pishi za Mke Mwenzangu

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kabla ya vita vya Wajerumani, mama mkwe aliponikabidhi mchele wa arusi ya wifi yangu hapa Lamu. Masufuria matano tungeazima kwa jamaa, yaje asubuhi ya karamu, lakini mpunga ulitakiwa utwangwe na kupetwa mapema. Sasa sufuria moja huingia pishi ngapi?

Mimi niliwahi kupikia masufuria mawili ya namna ile, pamoja na chungu chetu cha nyumbani: jumla pishi kumi na moja. Mke mwenzangu, Mwanaisha, naye alipikia sufuria moja kama hayo na chungu kile kile.

"Kamuulize yeye alitia pishi ngapi," mama mkwe akaniambia. "Hesabu yako pekee haina ndia."

Nimuulize Mwanaisha! Huyo aliyeingia nyumbani mwangu juzi tu, mume akawa anacheka naye hadi chai yangu inapoa? Afadhali nife. Kuuliza si ujinga, wamesema wazee, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mke mwenza. Nikakisia: sufuria pishi nne, chungu pishi tatu. Si kumi na moja hiyo? Nikatwangisha pishi ishirini, roho kwatu.

Siku ya arusi masufuria manne yakajaa, la tano tupu, na wageni kutoka Pate wako mlangoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ndipo Mwanaisha akatoa pishi tano zilizokwisha kupetwa.

"Dada, mimi nilitia sita," alisema. "Zako nilimuuliza mama. Nikaondoa sufuria kwa sufuria, chungu kwa chungu, na sita katika kumi na moja. Lililosalia ni sufuria moya, pishi tano."

Kumbe chungu ni pishi moja tu! Wageni wakala wakashiba, wakamsifu yeye. Moyo uliniwaka, na hata leo haujazimika wote.

Mwanangu, usiyoyajua yakiwa mawili, neno moja halitoshi. Majibu mengi yataonekana yametimia, na la kweli ni moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi litafute neno la pili hata kama liko kinywani mwa umwoneaye kijicho. Mwenzangu keshatangulia kwa Mola wake, nami hata kwa hilo namwonea wivu. Mungu akujaalie akili ya kuhesabu, na moyo mwepesi wa kuuliza. Amin.