Mashine ya Santuri Aliyoichagua Bibi Yako

Siku ile ya soko pale Mpanda mjini haijanitoka moyoni, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, watu wanatupa santuri zao na kukimbilia kaseti, na mimi na bibi yako tunatafuta mashine ya kuchezea santuri moja tu. Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni.

Santuri yenyewe ni ile ya kwaya ya parokia, ambayo babu yako anaimba ubeti mzima peke yake. Babu alikuwa ameshafariki, mashine yetu ya zamani imekufa, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Masikio ya mama yangu nayo yalikuwa yanafifia. Nilikuwa na haraka, sikufichi. Nilitaka amsikie mume wake kabla hajawa kiziwi kabisa.

Fundi redio alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza nyekundu, spika zimo humo humo, inapiga kelele mpaka wauza mchele wa Usevya wanageuka kutazama. Juu ya mkono wa sindano alikuwa amebandika sarafu kwa gundi, ili sindano isiruke. Siku hizo wengi tulifanya hivyo na kujiona wajanja. Ya pili ilikuwa kuukuu, ya mbao, mkono wake mwepesi una kidude nyuma cha kurekebisha uzito, na sauti yake ndogo. Mimi moyo ulishakwenda kwa ile nyekundu.

Wimbo wa majaribio ulipokwisha, mama aliomba aoneshwe sindano ya ile nyekundu. Akaigusa, akatazama ncha ya kidole chake.

"Baba, huu unga mweusi ni nini?"

"Vumbi tu, bibi."

"Vumbi la wapi, na santuri umeifuta sasa hivi mbele yangu?"

Fundi akacheka kidogo, kisha akakubali kwamba sindano nzito huwa inakwangua santuri.

"Tunachukua ya mbao," mama akasema.

Nikapaza sauti ili anisikie: "Mama, hiyo hutaisikia!"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, ila nilijiona mdogo. "Mama Neema, mimi huyo mwanaume nimemsikia miaka yote. Huyo uliyembeba hajamsikia hata siku moja. Nyie mnataka sauti yake niimalize mimi?"

Tuliifunga mashine kwenye baiskeli, na mama akaishikilia kwa mkono njia nzima mpaka nyumbani Kasokola.

Jioni tuliiweka kwenye meza isiyotikisika, tukaiunganisha na betri ya gari. Babu yako akaanza kuimba. Mama akaweka kiganja juu ya mbao, akasubiri, kisha akaniuliza, "Ameshaanza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafumba macho, akatabasamu, na mimi nikalia bila kujificha.

Sasa umenipigia simu kwamba unataka mashine ya santuri ya nyumbani kwako, na dukani wanakusifia mngurumo na taa zinazowaka. Mwanangu, usianze na masikio yako. Uliza kwanza sindano inakandamiza kiasi gani, na kama uzito wa mkono unarekebishwa. Uliza pia kama sindano mpya zinapatikana, kwa sababu iliyochakaa inaharibu kuliko zote. Mashine inayotaka kuongezewa uzito ndipo itulie, iache hapo hapo dukani hata wakikupa bure. Na kitu ulichorithi usikitumie kana kwamba wewe ndiye wa mwisho. Sauti ikiwa ndogo, sogea karibu.

Mungu akupe nyumba yenye utulivu, mwanangu. Akupe watoto, na watoto wao waje wakae sakafuni kwako wamsikie mtu ambaye hawakumuwahi, sauti yake ikiwa bado nzima.