Mke Mwenye Bakuli

Mume wangu aliangukiwa na gogo kwenye shamba la miti juu ya Olmotonyi, alikokuwa msimamizi wa wakataji. Madaktari waliokoa uhai wake, lakini miguu haikurudi. Nilimleta nyumbani Nkoaranga, na kuanzia hapo kila siku yangu ilianza kwa kumwosha, kumgeuza ubavu na kumnywesha uji, kisha kuteremka mbiombio hadi barabarani niwahi shule ninakofundisha, Kikwe. Mchana mama mkwe alishinda naye, na siku za shule jirani aliingia kumgeuza. Jioni nilikuwa mimi tena.

Mwaka wa pili wa hali hiyo nilinunua mjini kitabu cha mtumba kisicho na jalada. Kilikuwa na visa vya miungu ya kale ya watu wa kaskazini, huko kwenye barafu. Nilikisoma ofisini nikiwa sina kipindi. Kisa kimoja kilinishika: mungu mkorofi amefungwa kwenye mwamba, nyoka anamdondoshea sumu usoni, na mkewe amekaa pembeni ameshika bakuli kuikinga. Bakuli likijaa, mke huenda kulimwaga. Katika dakika hizo sumu humpata mume, naye hutetemeka mpaka ardhi inatikisika. Habari za huyo mke ziliisha kwa mistari mitano. Mimi nilitaka kujua mikono yake ilikuwa inauma vipi.

Nikaanza kumwandikia riwaya kwenye simu. Kila wiki nilituma sura moja kwenye kundi la wapenda hadithi, kwa jina la bandia. Katika sura ya nne nilimleta mwanamume: askari mwenye mkuki, aliyefia vitani na kukataa kwenda kukaa kwenye ukumbi ambako miungu huwakaribisha mashujaa waliokufa. Anapita pangoni, anamwona yule mke, anamwambia, "Nipe hilo bakuli. Lala kidogo." Kundi likachemka. Walitaka ambusu. Sura ya saba akambusu.

Sikuwa na mwanamume mwingine. Nalisema mapema kwa sababu baadaye nililazimika kulisema mara nyingi.

Sikujua kwamba wifi yangu, dada yake mume wangu, naye yumo kwenye kundi lile. Wala yeye hakujua mwandishi ni nani. Jumapili moja baada ya ibada alikuja kumtazama kaka yake, na ili kumchangamsha akaanza kumsomea. Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nikasikia maneno yangu kwa sauti yake: jinsi mke anavyomkumbatia mumewe kiunoni na kuhesabu moja, mbili, tatu ndipo amgeuze, jinsi anavyotazama ukutani wakati wa kumwosha, mume asije akaona aibu. Ungo ulinitoka mikononi.

"Jamani, huyu mama anateseka," wifi alisema. "Mimi ningeshaondoka na huyo mwenye mkuki."

Mume wangu hakucheka. "Endelea," alisema.

Alisomewa sura zote saba. Wifi alipoondoka niliingia kumgeuza. Nilimkumbatia kiunoni, nikashindwa kuhesabu. Alihesabu yeye.

Siku tatu hakusema neno zaidi ya asante. Siku ya nne, nikiwa namnyoa ndevu, aliuliza, "Mwalimu, huyo mwenye mkuki yupo?"

"Hayupo. Haki ya Mungu."

"Niambie tu kama yupo."

"Hayupo, mume wangu. Nimemtunga."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba ni hadithi tu. Lakini wembe ulikuwa shavuni pake na macho yake yalikuwa karibu mno na yangu.

"Nimechoka," nilisema.

Alifumba macho. Machozi yakateremka yakapita kwenye povu la sabuni. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku alipoambiwa hatatembea. Nilitamani kulirudisha lile neno mdomoni, na hapohapo nilihisi kifua changu kimekuwa chepesi, nikajichukia kwa wepesi huo.

Nilipomaliza kumfuta uso alisema, "Sura saba, na huyo mume hasemi kitu. Anapiga kelele tu. Mdomo nao umeufunga?"

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimempa maneno kila mtu, hata nyoka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamuuliza angependa huyo mume aseme nini.

Akasema, "Amwambie mkewe aweke bakuli chini akalale. Atatetemeka, halafu atatulia. Lakini amwambie yeye. Asiambiwe na huyo wa mkuki."

Niliyaandika kama alivyoyasema. Kundi halikupenda. Walisema mwandishi ameharibu mapenzi kwa ajili ya mkorofi asiyestahili.

Mume wangu alimpigia dada yake mwenyewe akamwomba aje Jumamosi anipokee zamu. Wifi alikuja, hakunitazama usoni, kwa kuwa kaka yake alikuwa amemwambia mwandishi ni nani. Nilikwenda kwa mama yangu mzazi, ng'ambo ya mto, nikajilaza kitandani kwake bila hata kuvua viatu. Nilipozinduka jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Mlima Meru. Nilipanda njia yetu nikikimbia, kanga mkononi.

Nilimkuta amelala ubavu uleule niliomwacha nao asubuhi, shuka limelowa, midomo imepauka kwa maumivu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni analia. Alijaribu mara mbili kumgeuza akashindwa, mama mkwe hana nguvu hizo, jirani alikuwa safarini, na mume wangu aliwakataza wote wawili wasinipigie.

"Umelala?" aliniuliza.

"Nimelala."

"Basi."

Nilibadilisha shuka, nikamgeuza, nikaona kidonda kipya nyongani, chekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nilikisafisha. Jumamosi iliyofuata sikwenda kokote. Jumamosi nyingine nilimfundisha wifi namna ya kumshika, nikamwacha ajaribu mbele yangu mpaka akaweza, kisha nikatoka. Nilifika hadi kwenye migomba ya jirani, nikasimama hapo nikisikiliza. Halafu nikaendelea kushuka.