Pipa la Mama Moshi

Wengi waliokuja kumzika mama mkwe wangu walilisikia jina lake halisi kwa mara ya kwanza kwenye ibada. Wao walimjua kama Mama Moshi. Jina hilo alipewa na wanunuzi wa miche yake, kwa sababu msimu wa baridi kitambaa chake cha kichwa, sweta lake, hata chenji aliyokurudishia, vyote vilinuka moshi wa vumbi la mbao. Mungu amlaze mahali pema. Mimi harufu hiyo bado ninayo kwenye shuka moja ambayo sijaifua.

Aliotesha nyanya na pilipili hoho kwenye banda la nailoni nyuma ya nyumba yake. Kwetu baridi ikikaza, alfajiri umande hugeuka kama chumvi nyeupe juu ya majani. Hiyo ndiyo jalidi. Jua likichomoza, jani lililopigwa hulegea na kuwa jeusi, utadhani limemwagiwa maji ya moto. Wenye mabanda makubwa wana mashine za umeme za kupasha joto. Mama alikuwa na pipa.

Pipa lilikuwa na tundu chini. Alisimamisha mpini wa jembe katikati, akamimina vumbi la mbao alilopewa bure na seremala jirani, akashindilia kwa mchi, akamimina tena, akashindilia, hadi likajaa. Kisha aliuchomoa mpini taratibu huku akiuzungusha, likabaki shimo refu. Moto uliwashwa chini, ukala vumbi polepole kutoka ndani kwenda nje mpaka asubuhi, bila mtu kuongeza kitu. Moshi ulipita kwenye bomba la bati chini ya meza za miche na kutokea nje. Kando ya ukuta alipanga madumu ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, yashibe jua mchana na kulirudisha usiku.

Juu ya mlango aliacha kidirisha. Kidirisha hicho hakifungwi, na mtu halali ndani ya banda lenye moto. Ukimwambia joto linapotea, alikujibu, "Bora mche uone baridi kuliko mimi nione malaika."

Kuna mwaka alikuwa ameshapigwa na jalidi mara moja, miche yote ikafa. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alitaka aache kazi ahamie kwetu mjini.

"Mama, umri huo. Utashindilia mapipa mpaka lini?"

"Na kwenu nitafanya nini? Nikae kwenye kochi kama mto?"

"Upumzike."

"Basi tukubaliane. Jalidi ikiua tena mwaka huu, nakuja kuwa mto wenu. Isipoua, usinitajie mji tena."

Walipeana mikono mbele yangu. Kwa mama, neno likishatoka na mkono umetolewa, halirudi.

Tukaenda kukaa naye wiki ile ya baridi kali. Siku moja alasiri upepo ulikata ghafla, mbingu ikawa safi. Mama alitazama juu akaguna. "Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya jalidi ni kuyakosa."

Taabu ni kwamba magunia ya vumbi yalikuwa yamenyeshewa kwa seremala. Tulilianika kutwa, lakini jua lilikuwa linatuaga. Mama alichota, akafumba ngumi, akafumbua. Vumbi kavu humwagika papo hapo. Hili lilikaa kidogo, ndipo likapasuka.

"Limevunjika," alisema mume wangu.

"Limefikiria kwanza," alijibu mama.

Hatukuwa na jingine. Kifua kilimbana mama siku hiyo, kwa hiyo mume wangu ndiye aliyeshindilia. Mama alimsimamia. "Kaza, baba. Huandai uji." Moto ulishika kwa shida. Tulisali, tukaenda kulala.

Nilishtuka kabla ya mapambazuko. Ubavuni kwangu hapakuwa na mtu. Nilitoka nje, nikamkuta mama uani, peku, ameinua macho juu ya mlango wa banda. Kidirisha kilikuwa kimezibwa kwa koti. Koti la mume wangu.

Alisukuma mlango. Magunia yalikuwa yameegemezwa kwa ndani kuziba upenyo, na hayakusogea.

"We mtoto. Toka."

"Nakuja," sauti ilijibu, nzito, kama ya mlevi. Hakuja.

"Simama, nikuone."

"Nakuja, mama." Safari hii ilikuwa kama anacheka.

Nailoni ile mama aliilinda kuliko macho yake. Paka akiisogelea, paka alirushiwa kandambili. Mama alitoa kisu chake cha kukatia kamba, akaichana kutoka usawa wa bega hadi chini. Tukaingia. Mume wangu alikuwa ameketi chini karibu na pipa lililozimika, mbele yake jiko la mkaa la jikoni limejaa makaa mekundu, hewa yake imemlevya. Tulimburuta nje kwa makwapa. Alitapika kwenye majani yaliyoganda.

Baridi ilikuwa inaingia kwenye miche. Nilikimbilia blanketi nizibe ule mpasuko.

"Acha," mama alisema. "Mshike kichwa."

Nilikishika, naye akawa anamwita Mungu kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza, mpaka mume wangu akaanza kulalamikia baridi. Hapo ndipo mama aliketi.

"Shimo lilibomoka, moto ukafa," mume wangu alisema. "Nikaleta mkaa."

"Si ulitaka miche ife, nije kwako?"

"Nilitaka uje. Sikutaka ushindwe."

Mama alimfuta mdomo kwa kitambaa chake.

Jua lilipotoka, meza iliyo karibu na mpasuko ilikuwa nyeusi yote. Nyingine zilipona. Mama aliingia ndani, akatoka na begi lake.

"Jalidi imeua," alisema. "Mkono nilikupa."

Mume wangu alilichukua begi, akalirudisha chumbani. Kisha akatafuta sindano ya magunia, akaanza kushona nailoni. Mama aliinama akaukagua mshono.

"Mishono mirefu. Ya mlevi."

"Mlevi wako," alisema mume wangu.

Mji haukutajwa tena. Aliotesha miche miaka mingine kadhaa, hadi kifua kilipomshinda mwezi huu. Bwana alimchukua akiwa ameshasia mbegu za nyanya. Siku ya mazishi miche ilikuwa na majani mawili mawili.

Jioni ile, waombolezaji walipotawanyika, mbingu ilikuwa haina wingu. Nilimkuta mume wangu bandani na shati la msibani, ameshika mpini wa jembe. Nilichota vumbi, nikafumba ngumi, nikafumbua. Likamwagika.

Tulishindilia mpaka mikono ikauma. Tulipowasha, alitazama kidirisha juu ya mlango, akahakikisha kiko wazi. Kisha tukatoka, tukasali nje.