Nati Juu ya Rangi

Lori lililetwa asubuhi likiwa limerukwa na akili. Dereva akiwasha indiketa ya kulia, redio inazimika. Akikanyaga breki, waipa zinapangusa kioo kikavu. Na akiwasha zile taa nne mpya za juu ya kabini, ambazo alijivunia kuliko kitu chochote, honi inalia yenyewe na taa zinafifia.

"Mama Fyuzi, ulinifungia taa au majini?" aliuliza.

Fundi hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika umeme wa magari, na jina hilo alipewa na madereva wenyewe. Taa zile alizifunga Jumatatu kwa mikono yake, pamoja na honi mpya na friji ndogo. Leo ni Alhamisi, na gari limerudi.

Alianza na fyuzi, zote nzima. Akapima betri, imejaa. Akafuata waya mmoja mmoja kwa taa ya kupimia, kutoka swichi hadi juu ya kabini, akasahau alianzia wapi, akaanza upya. Hapo ndipo moyo ulipomshtuka. Lori lingetengenezwa tu, kama si na yeye basi na mwingine, lakini kichwa chake je? Mama yake mzazi alianza hivihivi, katika umri huuhuu: kwanza funguo, halafu sufuria jikoni, mwishowe majina ya wanawe. Mwezi uliopita yeye mwenyewe alitafuta koleo nusu saa nzima, kumbe amelibana kwapani. Gereji nzima ilicheka, naye akacheka nao. Aliogopa, ila hakumwambia mtu.

Wanafunzi wake wote huwafundisha waanze na erthi, ule waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. "Umeme ni mgeni," huwaambia. "Ukimfungia mlango wa kutokea, atapitia chumbani kwenu." Mganga hajigangi, kwani saa tatu zilipita hajaugusa. Jumatatu aliufungua waya huo ili mumewe, mpaka rangi wa gereji hiyohiyo, apulizie rangi chesisi, ule mfupa wa chini wa lori. Sasa alijaribu kukumbuka alivyourudisha, asione kitu.

Akaingia chini ya lori. Waya ulikuwa mahali pake, nati imekazwa barabara, juu ya rangi nyeusi mpya inayong'aa. Rangi haipitishi umeme. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hukwangua chuma kabla ya kukaza.

"Yaani mimi ndiye nimefanya hivi?" alijiuliza.

Kisha akaona mkia wa waya umebanwa kwa utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, si wake. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Akatoka huko chini na vumbi lake, akamwendea mumewe aliyekuwa akipiga msasa mlango wa gari jingine.

"Baba watoto, ni wewe uliyefunga waya wangu?"

"Ni mimi."

"Nani alikutuma? Mimi nimeingilia rangi zako lini? Tangu asubuhi najiona nimechanganyikiwa, kumbe ni wewe."

Mumewe aliweka msasa chini. "Ulikuwa unaning'inia, mama. Ulisema umemaliza, ukafunga sanduku la vifaa, ukaenda nyumbani. Na dereva alikuwa njiani kuja."

Fundi alimtazama. Hasira ilikuwepo bado, lakini hakujua aipeleke wapi.

"Kuna vingine nilivyosahau, ukanimalizia?"

"Viwili vitatu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka."

Fundi alijifuta mikono. Kisha akaokota ule msasa, akamshika mumewe mkono, wakaingia wote wawili chini ya lori. Alifungua nati, akasugua mpaka chuma kikawa cheupe, akarudisha waya na kukaza. Akampigia kelele dereva awashe. Taa nne ziliwaka sawasawa, na honi ikanyamaza.

Mumewe akaanza kujikokota kutoka. Fundi akamzuia, akaifungua nati upya na kumtilia spana mkononi.

"Sasa funga wewe, nikuone," alisema. "Siku nyingine ukikuta nimesahau, kwangua kwanza."