Maneno ya Hilda kwa Olha

Mama yangu, Hilda Murgatroyd, alifuma vitambaa vya sufu miaka thelathini katika kiwanda kimoja cha Bradford, Uingereza. Mashine zilipiga kelele hata mtu asisikie sauti yake mwenyewe, kwa hiyo wafumaji waliongea kwa midomo tu, na kila mmoja alisoma midomo ya mwenzake.

Mwaka 1949 aliletwa Olha, mkimbizi kutoka Ukraine, akapewa mashine iliyo jirani na ya mama. Kila asubuhi alimletea mama chai. Ijumaa moja mama alimgeukia shoga yake Nellie, akasema kwa midomo, akidhani Olha bado hajui kuisoma, "Ananuka vitunguu saumu huyu! Ndiyo maana mume kamkimbia."

Nellie akacheka. Olha, aliyekuwa amesimama na kikombe mkononi, akajibu kwa midomo vilevile, "Mume wangu alifia kambini, dada."

Mama aliona haya, akajiambia ataomba radhi Jumatatu. Jumatatu ile mashine ya Olha ilikuwa na mtu mwingine. Olha alikuwa amehamia mji mwingine, na hakuna aliyejua upi.

"Hata jina la baba yake sikumuuliza," mama aliniambia uzeeni. "Ningemtafutaje?"