Ntumba za Mwalimu Flavian

Mwalimu Flavian alikuwa na kanuni moja: hamkatalii mkubwa wake usoni. Aliishika miaka yote niliyofundisha naye sekondari ya Laela. Mimi sikuipenda, kwa sababu heshima ni kitu kimoja na woga ni kingine.

Alifundisha Kiingereza. Machi ya mwaka juzi aliwaeleza Kidato cha Tatu neno coax. Ni kumshawishi mtu, alisema, lakini si kwa hoja wala kwa nguvu. Ni kwa maneno matamu na subira, kidogo kidogo, mpaka afanye asichotaka.

"Waingereza hulitumia hata kwa moto wa kuni mbichi. Huupigi teke. Unaupuliza, unaupuliza, mwisho unawaka."

Jumamosi hiyo shangazi yake, Coleta, alifika kutoka kijijini na kikapu cha maharage.

"Baba yangu, umekonda! Chaki inakula watu." Akacheka. "Njoo ututengenezee ntumba, mstari mmoja tu. Marehemu baba yako angefurahi."

Ntumba ni matuta ya mviringo tunamofukia nyasi mvua zikikaribia kwisha, zioze, tupande msimu unaofuata. Katika ukoo wao, aliyefukia nyasi ndiye anayepanda. Flavian alilijua hilo. Na mwaka huo alikuwa akiomba nafasi ya chuo kikuu kwa mara ya tatu, ya mwisho aliyoruhusiwa na mwajiri.

"Anakubembeleza," nilimwambia. "Si neno lako la juzi hilo?"

"Najua, mwalimu. Lakini ni shangazi."

Mstari mmoja ukawa mitano, mitano ikawa shamba zima.

Septemba nafasi ikatoka. Shangazi akaja tena, safari hii na kuku.

"Nenda, baba, nani atakuzuia? Panda tu kwanza. Chuo kina miguu kitakimbia?"

Flavian aliandika barua kuomba achelewe wiki mbili. Akapewa. Mvua zikachelewa zaidi. Kila jioni alisimama kando ya shamba akitazama mawingu, begi limefungwa chumbani, wala hakuna aliyemshika mkono asiondoke. Alipofukia mbegu ya mwisho, usajili ulikuwa umeshafungwa siku tisa nyuma.

Mwezi uliopita nilipita dirishani kwake. Alikuwa akiwaeleza watoto wengine habari za kuni mbichi, na kucha zake zilikuwa na udongo.

Kanuni yake hakuivunja. Ilimgharimu chuo kikuu, na ntumba za mwaka huu ameshazifukia.