Kaunta ya Dada Yangu

Kwa karibu miaka sita, mteja akija karakanani kwangu na mashaka usoni, sikuhangaika kumwonyesha picha kwenye simu. Nilimpakia kwenye pikipiki, tukateremka mpaka kwenye mgahawa wa dada yangu, si mbali na stendi ya Msamvu, nikamwambia apapase kaunta kwa kiganja. Wengi walipapasa mara mbili. Kisha walikaa kwenye viti virefu, wakaagiza supu na chapati, na kabla hawajamaliza kula tulikuwa tumeshaelewana kuhusu kazi yao.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilianza na mageti na grili za madirisha, kama mafundi wengi wa Kihonda. Baadaye watu waliojenga nyumba mpya wakaanza kutaka meza za jikoni za stenlesi, na wenye baa nao wakataka kaunta zinazong'aa, nikaona huko ndiko kwenye heshima. Kazi yenyewe ni ya subira. Shiti moja ya chuma ikikunjwa vibaya haikunjuliki tena. Chini yake unabandika plaiwudi, la sivyo kila sahani ikiwekwa juu inalia kama debe. Ukingo unaurudisha ndani ili usimkate mtu, na msasa unaupeleka upande mmoja tu, kwa sababu chuma kile kina mistari yake kama ubao. Haya yote niliyajua vizuri. Niliyajua hata kuyajua kukanipa kiburi.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na moja. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu, na ni yeye aliyenichukua kutoka Matombo akanileta mjini, kwenye chumba alichopanga na mumewe. Alikaanga maandazi barazani, mimi nikasoma, nikamaliza, nikaenda kujifunza ufundi. Mumewe alipokufa alibaki na binti yake mmoja, na maandazi yale yakakua yakawa mgahawa. Ni mwanamke mfupi. Tukisimama pamoja, kichwa chake kinafika kifuani kwangu. Wageni hawakuamini kwamba ni yeye aliyenibeba mgongoni.

Nilimtengenezea kaunta ile bure, na bado nakumbuka nilivyojisifu kwa neno hilo. Nilitaka kumlipa fadhila, huo ni ukweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilitaka mahali pa kuonyeshea kazi yangu, na mgahawa wake ulikuwa na watu tangu alfajiri. Nilikuwa nimetoka kufunga kaunta ya baa moja njia ya kwenda Mikese, watu wakaisifu sana, na vipimo vyake nilikuwa navyo daftarini: urefu kwenda juu, sentimita mia moja na kumi. Nikavichukua hivyo hivyo. Nilitoboa nafasi nne za masufuria, chini yake nikaweka sinia refu la maji ya moto ili chakula kisipoe. Upande wa mbele niliweka rafu nyembamba ya kuegemeza viwiko.

Siku ya kuifunga nilikuja na wenzangu wawili. Tulipomaliza nilisimama upande wa jikoni nikaweka mikono juu yake, ikanikaa sawasawa. Nilijipimia mimi.

Dada alikuja akasimama pale nilipokuwa nimesimama. Kaunta ilimfika chini kidogo ya mabega. Alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kuchota kitu ndani ya pipa, akaangalia chini, akaniuliza kwa sauti ya taratibu, "Mdogo wangu, haikuzidi kidogo?"

"Kaunta zote za kisasa ziko hivi, dada," nikamwambia. "Utaizoea."

Wenzangu walikuwa wanasikiliza. Labda ndiyo sababu nilijibu haraka. Yeye alitabasamu, akasema ni nzuri sana, Mungu anizidishie, akatuletea wali na samaki. Hakuniuliza tena.

Nilikwenda pale karibu kila siku. Nilisalimia mlangoni, "Shikamoo dada," akaitikia, nikakaa kwenye kiti changu cha pembeni. Nilimwona kuanzia kifuani kwenda juu, kama kila mteja, na kwa kweli alionekana vizuri nyuma ya chuma kile, na kitambaa chake cheupe kichwani. Niliona wakati mwingine anajisugua bega. Nikamwambia apumzike, asifanye kazi kama punda. Alisema ni uzee. Hakuwa amefika hata miaka hamsini na mitano.

Mwaka juzi, masika yalipokuwa yamekolea, nilipigiwa simu asubuhi kwamba dada ameungua. Nilimkuta hospitali, mkono wa kulia umefungwa kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Alikuwa ameteleza na sufuria la supu likammwagikia, na katika kuanguka akauvunja na mkono wenyewe kwenye kifundo. Aliniambia sakafu ilikuwa na maji.

Nami nilifanya nini? Nilimgombeza. Nilisimama miguuni pa kitanda chake nikasema nilishamshauri atandike mpira sakafuni, kwamba ana haraka, kwamba hasikii. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza nyuso. Yeye aliniacha niseme mpaka nikachoka, kisha akaniuliza kama nimekula.

Ngozi ilipona, lakini vidole vitatu havikurudi kukunjika. Mtu asiyeweza kushika kisu wala mwiko hawezi kuendesha mgahawa, au ndivyo alivyosema mwenyewe. Alimwachia binti yake kazi akarudi Matombo, kwenye nyumba ya mama na migomba yetu. Mimi nilimsindikiza. Njiani, gari lilipokuwa linarukaruka kwenye makorongo, aliushika ule mkono kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba kitu cha watu.

Miezi ilipita. Siku moja nilimpeleka mgahawani mama mmoja anayejenga nyumba Kigurunyembe, alitaka meza ya jikoni. Wateja wangu wote kabla yake walikaa mbele. Huyu hakukaa. Aliomba ruhusa akazunguka upande wa nyuma, akasimama, akaweka mikono juu, akaigiza kukata kitunguu.

"Aliyekuwa anapika hapa alikuwa mrefu sana?" akaniuliza.

Nilicheka nikasema hapana, ni dada yangu, mfupi kuliko wewe. Yule mama hakucheka. Alisema basi yeye angependa ya kwake iwe chini zaidi, akaagana nasi. Nilimtafutia bodaboda, nikarudi ndani kunywa chai.

Mpwa wangu alikuwa amesimama akinitazama. Ni binti mrefu, urefu wa baba yake, na ana ule utulivu wa mama yake. Alifuta mikono, akaketi kiti cha pili, akasema kuna jambo mama yake alimkataza asiniambie, na sasa amechoka kulibeba.

Dada hakuteleza sakafuni. Alianguka kutoka kwenye kreti ya soda. Tangu wiki ile ya kwanza alikuwa anapindua kreti na kusimama juu yake ili afikie masufuria yangu yale manne. Siku nzima alipanda na kushuka. Aliposikia pikipiki yangu, au sauti yangu mlangoni, alishuka akaisukuma kreti kwa mguu chini ya sinki, hasa nikiwa na wateja, na mpaka nilipoondoka alifanya kazi akiwa amenyanyua mabega. Binti alimwambia mara nyingi, mwambie mjomba apunguze miguu. Alijibu kwamba mjomba analeta watu waone kazi yake, je, wakiona kitu chenyewe kina kasoro, nani atampa kazi? Asubuhi ile ya masika aligeuka na sufuria mkononi, kreti ikateleza.

Sikuweza kumaliza chai. Nilikaa pale nikiangalia uso wangu kwenye chuma, umevurugika kama nyuso zinavyovurugika kwenye stenlesi. Nilikumbuka maneno niliyomwambia hospitalini.

Kwetu Uluguru mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake. Ukoo unapita kwa mama, na mimi ndiye mwanamume wa nyumba ile. Nadhani ndiyo maana nilichofanya baadaye sikumshirikisha mtu. Jumatatu iliyofuata nilifika na grenda ya kukatia chuma asubuhi mapema, binti akiwa sokoni. Msichana anayemsaidia alinifungulia. Niliinua kaunta kwa jeki upande mmoja baada ya mwingine, nikakata sentimita ishirini na tano kwenye kila mguu, nikasawazisha, nikafunga vifuniko vya mpira. Haikuchukua hata saa mbili. Hilo ndilo lililoniuma nilipokuwa nakusanya vipande: miaka sita, na kazi yake ni saa mbili.

Mpwa wangu aliingia na vikapu, akasimama. Nilimwambia nimeshaishusha, sasa iko kama ilivyotakiwa kuwa kwa mama yake. Nilisema kwa moyo mzito, na nilitegemea naye atalia au atanishukuru. Aliweka vikapu chini, akaenda akasimama mahali pake. Ilibidi ainame. Akachukua kisu, akakata nyanya moja, akanyooka na kujishika kiuno.

"Mjomba," akasema, "mama hayupo tena hapa. Ninayesimama hapa sasa ni mimi."

Ile ya zamani kwake ilikuwa juu kidogo tu, na alikuwa hana shida nayo. Nilikuwa nimekuja kutubu, nikafanya tena kosa lilelile, kwa mwanamke mwingine wa nyumba ileile.

Safari hii niliuliza. Nilimwomba asimame wima bila viatu vya kisigino, akunje viwiko, nikaweka ubao mbele yake nikaupandisha na kuushusha huku akikata nyanya, mpaka akasema hapo. Vile vipande nilivyovikata havikufaa kuunganishwa tena. Nilitengeneza miguu mipya yenye skrubu chini, ambayo mtu anaweza kuipandisha au kuishusha mwenyewe kwa spana bila kumwita fundi. Siku hizi kaunta zangu zote ninazifunga miguu ya namna hiyo. Wateja wananisifu kwa kubuni, na mimi siwaambii ilikotoka.

Nilichukua wiki tatu kabla ya kupanda Matombo. Nilijipa sababu: mvua, kazi, pikipiki. Nilipofika dada alikuwa kwenye kibanda cha jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, anamenya ndizi. Alikuwa ameibana ndizi kwenye goti kwa vile vidole vya kulia visivyokunjika, na kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia ninajua habari ya kreti.

Alimenya ndizi ile mpaka mwisho. Alisema binti yake ana mdomo. Nikamwambia anisamehe, kwa kaunta na kwa maneno ya hospitali. Nikamuuliza kwa nini hakunilazimisha kusikia, yeye ni dada mkubwa, angeweza kuniamuru.

"Nilikuuliza mara moja," akasema. "Ulinijibu mbele ya watu. Ningekuuliza tena, ningekuaibisha."

Nilimwambia bora angeniaibisha. Akasema ndiyo, sasa anaona hivyo. Hakulisema kwa hasira, wala hakusema kwamba yamekwisha. Nilingoja aseme yamekwisha, na mpaka leo hajasema, na sidhani nina haki ya kumdai neno hilo.

Nilimweleza kwamba nataka kumtengenezea meza ya jikoni pale pale nyumbani, nimpime yeye, iwe ndogo, ya urefu anaoutaka. Nilikuwa hata nimekuja na tepu mfukoni. Aliangalia kile kibanda, moshi, zile sufuria zilizopangwa juu ya jamvi mahali mkono wake wa kushoto unapofika.

"Hapa nakaa chini," akasema. "Chini hakuna pa kuanguka."

Nikaacha tepu mfukoni. Aliniambia nichukue kisu kingine, nikamsaidia kumenya. Utomvu ulinigandia vidoleni na ndizi zangu zilitoka na maganda nusu, akazirudia. Tulizungumza habari za mgahawa. Nilimweleza binti yake ameongeza mihogo na maharage kwenye chakula cha asubuhi, na kwamba madereva wa malori ya Turiani wamemzoea. Aliuliza kama anaweka chumvi ya kutosha kwenye supu. Nikasema naona iko sawa. Akasema mimi sijawahi kujua chumvi.

Wingu lilianza kushuka kutoka mlimani na barabara ile ikilowa haipitiki, kwa hiyo niliaga mapema. Alitaka nimpelekee binti mkungu wa ndizi. Aliuburuta mpaka kwenye pikipiki, akatoa kamba ya mpira na kuanza kuufunga nyuma ya kiti, kwa mkono mmoja na meno. Ilichukua muda. Nilimuuliza kama nimsaidie. Akatikisa kichwa, kamba ikiwa mdomoni, nami nikasimama kando nikamngoja mpaka akaikaza mwenyewe.